Gofu la jirani limewashwa tena
Saa nane usiku gofu la nyumba mtaani kwetu hapa Detroit, Marekani, limeungua kwa mara ya tatu. Nasema limewashwa, maana halina umeme wala gesi, na mwenyewe alihama zamani. Joto limeyeyusha plastiki ya ukuta wetu, inaning'inia kama nta.

Vijana wa zimamoto walipofika, mmoja alinijia mbio: "Kuna mtu ndani?" Nikamjibu sijui, baridi ikizidi huwa kuna watu wanajibanza mle. Akaingia. Ngazi za nyumba ile zimeoza jamani, nimeziona kwa macho yangu, naye akaingia! Hakukuwa na mtu. Alipotoka, maji yalikuwa yameganda barafu juu ya kofia yake.

Mwaka 1950 mji huu ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8; mwaka 2020 walikuwa kama 639,000. Nyumba zimebaki bila wenyewe. Wazee wa hapa bado wanasimulia siku tatu za Halloween, sikukuu ya mwisho wa Oktoba, ya mwaka 1984, mji ulipowashwa moto zaidi ya mara 800.

Alfajiri niliwapelekea chupa ya chai ya tangawizi. Yule kijana alikunywa vikombe viwili, mikono bado inamtetemeka.