Nilivyomtenga nguru na kanadi kwa njiti ya chelewa

Kwa takriban miaka miwili nilikuwa nikinunua samaki feri, Mtwara mjini, na kuwapelekea wenye hoteli, nikiamini kwamba namjua nguru kama ninavyowajua wanangu. Imani hiyo ilikoma asubuhi moja, mpishi mmoja alipofunua kapu langu, akamgeuza samaki wa juu kwa vidole viwili, kisha akaniambia kwa upole unaokera kuwa nilikuwa nimemletea kanadi kwa bei ya nguru. Tofauti ilikuwa shilingi elfu mbili au tatu kwa kilo, aibu sikuipima.

Wenzangu sokoni walikuwa na ushauri mmoja tu: tazama mistari. Nguru ana mistari iliyosimama, kutoka mgongoni kushuka tumboni, na kanadi ana mistari iliyolala, iliyokatikakatika. Ni kweli, lakini ni ukweli wa samaki aliyetoka majini sasa hivi. Mimi niliwapokea waliokwisha kulala usiku kucha kwenye barafu, wamefunikwa gunia, ngozi imekuwa rangi ya bati. Mmoja nilimwosha mara mbili, nikamlaza juani, nikammulika na tochi ya simu, nikahesabu kwa furaha mistari minne iliyosimama, nikampeleka hotelini kifua mbele. Mpishi alipitisha kitambaa chenye maji ubavuni mwake, na mistari yangu yote minne ikafutika: ilikuwa alama za nyuzi za gunia.

Mpwa wangu naye akanitafutia picha katika intaneti kwa jina la Kiingereza, lile lenye maana ya samaki mfalme. Zilikuja picha nzuri sana, za samaki wa upande wa pili wa dunia, Scomberomorus cavalla wa Atlantiki ya magharibi, ambaye hafiki Mtwara hata kwa bahati mbaya. Ndipo nilipoelewa kwa nini wataalamu hung'ang'ania majina yao ya Kilatini. Nguru wetu ni Scomberomorus commerson, jina alilopewa na Lacepède mwaka 1800 kwa kumkumbuka Commerson, mtaalamu wa viumbe aliyefia Mauritius mwaka 1773. Kanadi alisubiri hadi mwaka 1966 ndipo Fourmanoir akamwita Scomberomorus plurilineatus, yaani mwenye mistari mingi. Kwa hiyo kama mimi nilichelewa, sikuchelewa peke yangu.

Aliyenikomboa ni mzee mmoja wa Msimbati, ambaye hakujali mistari ya rangi. Alichomoa njiti moja katika ufagio wa chelewa, akaniambia, "Mwanangu, fuata njia hii." Alikuwa akionyesha ule mstari mwembamba wa ubavuni unaoanzia nyuma ya matamvua na kwenda hadi mkiani, ambao barafu haiufuti. Aliilaza njiti juu yake. Kwa nguru njiti ilikwenda sawa mpaka chini ya mwisho wa pezi la pili la mgongoni, na hapo mstari ukaporomoka ghafla, ukaiacha njiti ikining'inia. Kwa kanadi mstari ulishuka taratibu, kama njia ya kuteremkia pwani, bila kuporomoka mahali popote. Usikubali samaki aliyekwisha kukatwa vipande, maana hapo njiti haina kazi.

Tangu siku hiyo njiti hukaa katika daftari langu la mauzo, na mpishi yule ameacha kufunua kapu. Mwezi uliopita mteja mmoja aliyeishi Maskati miaka mingi aliagiza kanadi, nami nikamchagulia mmoja safi, nikampimia na njiti mbele yake. Akakataa kwa hasira. Huko Omani kanadi ndiye nguru wetu, na nadhani jina lenyewe lilitoka huko likaangukia kwa samaki mwingine. Nilimpa nguru, kwa bei ya nguru, na katika risiti nikaandika kanadi kama alivyotaka.