Kiwanja cha Anathothi

Wapendwa, Bwana asifiwe. Neno letu la juma hili ni Yeremia 32. Naomba mlisome lote, hata kama ni refu.

Majeshi ya Babeli yamezingira Yerusalemu na chakula kinapungua mjini. Yeremia amezuiliwa katika uwanja wa walinzi kwa kosa la kusema wazi kwamba mji utaanguka. Hapo ndipo anapotokea Hanameli, mtoto wa ami yake, amwambie anunue shamba lake la Anathothi. Mimi nikifika hapa huwa nacheka kidogo. Anathothi iko nje ya kuta, na huko nje askari wa Babeli wanapita watakavyo. Ni kama mtu angekujia asubuhi ya tarehe 18 Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo bado inafuka moshi katikati ya Goma, akuambie: "Kaka, nina parseli, kiwanja changu pale mtaa wa Virunga, nakuachia kwa bei nzuri."

Yeremia akalipa. Shekeli 17 za fedha, zikapimwa kwenye mizani mbele ya mashahidi, hati ikatiwa sahihi na muhuri. Kisha akamwagiza Baruku, mwandishi wake, aziweke hati zote mbili, iliyofungwa na iliyo wazi, ndani ya chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Kwetu jambo hili halihitaji mfasiri. Mtu akikimbia risasi hapa Goma hushika watoto kwanza, halafu ule mfuko wa plastiki wenye kadi ya mpigakura, diploma na karatasi za parseli.

Sasa angalieni mstari wa 16 hadi wa 25, ambao wahubiri huwa tunauruka (nami nimo). Yeremia ameshalipa, ameshaficha hati, ndipo anaanza kuomba, na maombi yake yanaishia kwenye mshangao mtupu: Bwana, mji umetiwa mikononi mwa Wakaldayo (ndio hao Wababeli), nawe umeniambia ninunue shamba! Mkono wake ulikuwa umetangulia, moyo ulikuwa bado nyuma, unauliza maswali. Mungu hakumkaripia kwa kuuliza.

Katika sura ya 28 yumo nabii mwingine, Hanania, aliyewaahidi watu kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Watu bila shaka walimpenda. Sisi pia tumewasikia akina Hanania, wanaopanda mimbarani na kutaja hadi mwezi ambao vita vitaisha, na mwezi ukipita wanataja mwingine. Yeremia, katika barua yake ya sura ya 29 kwa waliohamishiwa Babeli, aliandika miaka 70. Wazee waliosoma barua ile walijua hawataiona siku hiyo, lakini waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao.

Najua mtu atasema: papa, utapanda nini, nasi tangu Januari 2025 tumeona mapigano yakiingia mjini, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa? Swali lako ni la haki. Sina jibu la kukuondolea njaa ya leo kwa maneno.

Nina mama jirani yetu wa Majengo. Kiwanja chake ni mawe matupu ya volkano, meusi, yanayokata viatu. Kila akipata nafasi humlipa kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, amletee gunia la udongo, anaumwaga juu ya mawe, anapanda lengalenga, mboga ya majani. Mei 2021, volkano ilipolipuka tena na mji ukaambiwa uhame, aliuacha udongo wake na kwenda Sake kwa miguu. Aliporudi mvua ilikuwa imekula nusu. Akaita chukudu tena. Nilipomwuliza kwa nini hachoki, alinitazama kama mtu aliyeuliza jambo la kitoto, akasema, "Watoto watakula sombe (majani ya muhogo) ya kununua mpaka lini?"

Juma hili, katika maombi ya Jumatano, kila mmoja aje na jambo moja la mkono: karo ya mtoto uliyoanza kuweka kidogo kidogo, ukuta uliousimamisha tena, barua ya kumpatanisha ndugu. Tutayaombea kwa majina. Na anayekuja na swali tu, kama lile la Yeremia, aje nalo pia. Tutaanza saa kumi, ili kila mtu afike nyumbani kabla ya giza.