Maria wa Jukwaani na Maria wa Sinema

Kila ninapowatajia jamaa na marafiki hapa Nairobi ule mchezo wa nyimbo, The Sound of Music, kuhusu Maria, mwanafunzi wa utawa anayetumwa kulea watoto wa Kapteni von Trapp wa Austria, ambao kituo cha televisheni cha Marekani, NBC, kiliurusha moja kwa moja tarehe 5 Desemba 2013, jibu huwa ni lile lile: Carrie Underwood, Maria wa televisheni, si Julie Andrews, Maria wa sinema. Sina ubishi na hilo. Ninachobisha ni kipimo chenyewe, kwa kuwa waandaaji hawakuwa wakiitengeneza upya sinema ya mwaka 1965 tuliyolelewa nayo; walikuwa wakiurudia mchezo wa jukwaani uliofunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwezi wa Novemba 1959, Mary Martin akiwa Maria, na mchezo huo una mambo ambayo wengi wetu hatukuwahi kuyaona.

Shangazi yangu wa Buruburu, aliyeongoza kwaya ya parokia kwa muda mrefu, anaijua sinema hiyo kwa moyo. Nilipomwekea rekodi ya televisheni sebuleni kwake, alivumilia hadi pale Maria na Mama Mkuu wa watawa walipoanza kuimba pamoja "My Favorite Things" kule kwenye nyumba ya watawa. "Hapana, mwanangu," akasema, "huo ni wimbo wa usiku wa radi, watoto wakiwa kitandani." Kwenye sinema, ndiyo. Kwenye jukwaa, wimbo huo ni wa wanawake hao wawili, na usiku wa radi Maria huwaimbia watoto ule wa mchunga mbuzi, ambao sinema iliuhamishia kwenye onyesho la vikaragosi.

Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba sinema iliondoa nyimbo mbili za Elsa Schraeder, mchumba wa Kapteni von Trapp, na rafiki yao Max, na kwa kuziondoa ikaondoa pia sababu halisi ya uchumba ule kuvunjika. Katika sinema, Elsa anaona tu kwamba moyo wa Kapteni umehamia kwa Maria, akajiondoa kwa heshima. Jukwaani, Austria iko karibu kumezwa na Ujerumani ya Hitler mwaka 1938, na Elsa na Max wanamwimbia Kapteni, kwa mahadhi ya uchangamfu kabisa, kwamba yanayokuja hayazuiliki na mwenye akili hujiangalia mwenyewe. Kubali yaishe, kwa maneno mengine. Kapteni anakataa, na hapo ndipo wawili hao wanapotambua kwamba hawawezi kuishi nyumba moja. Sisi tulioambiwa tukubali na tusonge mbele baada ya uchaguzi wa hapa Kenya wa Machi mwaka ule ule wa 2013, vyovyote tulivyopiga kura, tunaufahamu wimbo huo vizuri. NBC iliurejesha, na Laura Benanti na Christian Borle waliuimba kwa utamu kiasi kwamba unajikuta karibu unakubaliana nao. Benanti, kwa taarifa, aliwahi kuwa Maria mwenyewe kule Broadway miaka ya tisini.

Si kwamba waandaaji walikuwa waaminifu kwa jukwaa kila mahali. Wimbo wa mapenzi wa Maria na Kapteni waliuchukua kutoka kwenye sinema, ule ambao Richard Rodgers, mtunzi wa muziki wa mchezo huu, aliuandika peke yake, maneno na muziki, kwa kuwa mwenzake Oscar Hammerstein, aliyekuwa akiandika maneno, alikuwa amefariki mwaka 1960.

Kuhusu Underwood, nitasema wazi: anapoimba, sauti inajaza chumba, anapozungumza, maneno yanatoka kama ya mwanafunzi aliyekaririshwa insha. Stephen Moyer, Kapteni wake, hakumsaidia sana. Lakini kuna mahali ambapo ugumu huo uliyeyuka. Audra McDonald, Mama Mkuu wa watawa, ambaye wakati huo alikwisha kushinda tuzo tano za Tony, zile za maigizo ya Broadway, anamshauri Maria arudi akayakabili maisha yake, na anauanza "Climb Ev'ry Mountain" kwa sauti ya chini, kama mzazi anayeongea na mtoto, kisha anaipandisha taratibu mpaka inapofika kileleni. Shangazi, ambaye tangu mwanzo alikuwa akinung'unika, alinyamaza.

Wimbo ukaisha, na hakuna aliyepiga makofi. Hapo ndipo ninapoona kosa halisi la kazi hii. Ilichezwa katika studio kule Bethpage, jimbo la New York, bila hadhira. Watazamaji zaidi ya milioni 18 walikuwa majumbani mwao. Mwigizaji anamaliza wimbo mzito, kimya kinatanda, na mwingine anaanza kuzungumza kana kwamba hakuna lililotokea. Aliyewahi kukaa Kenya National Theatre usiku ambao watu wanapiga vigelegele, wanamjibu mhusika mwovu na kumwonya shujaa kwamba anafuatwa, anajua kwamba nusu ya mchezo huchezwa na walioketi.

NBC yenyewe ilikuja kulielewa hilo. Mwezi wa Aprili 2018 iliporusha mchezo mwingine wa nyimbo, Jesus Christ Superstar, kutoka Brooklyn, John Legend akiwa Yesu na Brandon Victor Dixon akiwa Yuda, iliwaketisha watazamaji karibu kabisa na jukwaa, na kelele zao ziliwapandisha waigizaji mori. Ningependa waurudie na huu wa akina von Trapp kwa namna hiyo, Elsa na Max waimbe ushauri wao mbele ya watu halisi, tuone kama ukumbi utacheka au utawazomea.