Buabua wawili wa bahari kuu

Kuna buabua wawili, ndege wa baharini, ambao nikitoka na boti Watamu nasahau hata samaki. Wote juu weusi chini weupe, wote kofia nyeusi na paji jeupe, mkia umepasuka kama wa mbayuwayu, na unawaona sekunde 3 tu huku boti inaruka mawimbi na darubini inacheza mkononi, sasa utasema ni yupi? Mmoja ni Onychoprion fuscatus, mwenzake Onychoprion anaethetus, mi nawaita mweusi na wa kahawia bas.

Vitabu vinasema angalia mgongo. Sawa, lakini jua likiwa nyuma ya ndege kila kitu kinakua cheusi, na likimpiga sawasawa yule mweusi naye anaonekana kahawia, kwa hiyo mgongo peke yake siuamini. Mi naenda kwenye paji. Kwa mweusi ule weupe ni mpana na unaishia pale pale kwenye jicho, kwa wa kahawia ni mwembamba, unapita juu ya jicho unaendelea nyuma kama nyusi iliyochorwa kwa chokaa. Halafu wa kahawia ana kola hafifu shingoni kati ya kofia na mgongo.

Ila nahodha tuliyetoka naye mwezi wa nane yeye hana darubini na hakosei. Nikamuuliza mzee, yule kule kwenye gogo ni yupi? Akasema, "Mwanangu, mweusi hakai majini wala kwenye takataka. Ukiona kakalia gogo, ni yule mwengine." Na ndo hivyo, manyoya ya mweusi hayazuii maji vizuri, akitua majini analowa, kwa hiyo maisha yake ni hewani tu, kinda akishaondoka kisiwani anapitisha miaka kadhaa baharini ndo arudi kuzaa! Kila nikifikiria hilo naishiwa maneno. Wa kahawia utamkuta kwenye gogo, boya, kipande cha plastiki, hata mgongoni kwa kasa.

Mahali pia panasaidia. Wa kahawia wanazalia hapo hapo Watamu kwenye kisiwa cha Whale Island, weusi wanazalia kisiwa cha Fungu Kizimkazi huko mbele ya Dar, na ukikuta kundi la buabua linapiga kelele juu ya jodari mbali kabisa na nchi, anza kwa kufikiria mweusi, jodari wanasukuma visamaki juu na yeye anavidaka bila kuzama.

Siku hiyo niliandika wa kahawia 11, mweusi 1, na wengine 4 niliandika buabua tu, maana paji sikuliona.