Nilimlea ninga ili anikimbie

Ninga haji tena kula kwangu. Mama alidhani nitahuzunika, maana aliniona nilivyokuwa nikiamka kabla ya adhana ya alfajiri kumpikia uji kiumbe ambaye hata manyoya hajamaliza kuota. Sikuhuzunika. Ndilo nililokuwa nikiliomba tangu watoto wa jirani waliponiletea kinda hilo ndani ya kofia, baada ya upepo wa kusi kuangusha tawi na kiota chake. Pangekuwa na pa kumrudisha, tungemrudisha. Hakuna amleaye ndege vizuri kuliko wazazi wake.

Kwa wasiotoka Pemba: ninga ni njiwa wa kijani wa porini, si njiwa wa darini. Ninga wetu hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani hapa. Ni mmoja wa ndege wanne tuliojaaliwa sisi tu, pamoja na chozi wetu, bundi mdogo, na kale kandege kenye duara jeupe machoni. Kwa hiyo nilipomshika mkononi, moyo ulinidunda.

Kumlisha kulinipa kazi. Makinda mengi hupanua mdomo ukatia chakula. La njiwa halipanui. Huchomeka mdomo wake ndani ya kinywa cha mzazi, likafyonza maziwa mazito yanayotengenezwa kwenye mfuko wa chakula shingoni, na baba anayo sawa na mama. Ukimlazimisha, chakula huingia njia ya hewa akafa. Nikakata ncha ya bomba la sindano, nikalifunika kwa kipande cha mpira chenye mpasuo, nikatia uji laini wa dengu, vuguvugu. Alisukuma kichwa humo mpaka machoni, mbawa zikipiga, mwili mzima ukitetemeka. Akishiba, kifua kilivimba upande mmoja, naye akalala pale pale. Baadaye nikampa papai lililopondwa, kisha kuyu zilizopasuliwa, mwisho matawi yenye kuyu zake, akining'inia kichwa chini kuzifuata.

Watoto walitaka kumpa jina, watembee naye begani. Nilikataa, wakaninunia. Lakini wao wenyewe wanajua kupika ulimbo wa utomvu wa fenesi, na manati hayawatoki shingoni. Ninga anayemwona mtu akamfuata ni kitoweo cha jioni hiyo hiyo. Kwa hiyo alipoota manyoya nilianza kumlisha nyuma ya kanga iliyotundikwa, bila kusema neno. Bibi mmoja jirani alinitazama siku moja akasema, "Mwanangu, una roho ngumu. Kiumbe anakulilia, nawe humtazami!" Nikamwambia, "Bibi, akinizoea mimi atawazoea na wengine." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nina kuyu za kutosha, akamtuma mjukuu wake akaniletee.

Ilikuwa kweli ngumu. Usiku nilimsikia akijisogeza kwenye kijiti chake, nikatamani nimpapase mgongo mara moja tu.

Mkuyu wa nyuma ya nyumba ulipoiva, kundi likaanza kuja asubuhi. Nikatundika tundu kwenye tawi la chini, nikamwacha hapo mpaka wakazoeana kwa sauti, halafu nikafungua mlango. Hakutoka upesi. Alikaa mlangoni akizungusha shingo, juu wenzake wanapiga ile miluzi yao, naye akapanda tawi kwa tawi hadi nikampoteza kwenye majani. Jioni alirudi juu ya tundu kutafuta chakula. Nilimwekea, kila siku nikipunguza, kwa sababu mbawa alikuwa nazo lakini kujua wapi pana matunda ni jambo la kujifunza kwa wenziwe.

Siku niliyojua amefika ni siku niliyosimama chini ya mkuyu nikamtambua: begani bado hajapata ile rangi ya zambarau waliyonayo wakubwa. Alinitazama. Nikapiga makofi kwa nguvu. Kundi zima likafyatuka, naye akafyatuka nalo kuelekea upande wa msitu wa Ngezi, hakugeuka. Nilicheka peke yangu, machozi yananitoka.

Watoto wamenikubalia kwamba mkuyu huu hautapakwa ulimbo. Upo mwingine bondeni, nao huzaa sana, na mwenye shamba ni baba yao. Ijumaa baada ya sala nitakwenda kumwomba na huo.