Skrinshoti haikuambii kitu

Jamani hii ya kulinganisha kadi za grafiki kwa skrinshoti mbili halafu mtu anasema hii picha yake kali kuliko ile, mi bado sijashawishika. Jana nimekaa na gemu moja nabadilisha DLSS ya Nvidia na FSR ya AMD, zile programu za kukuza picha ndogo iwe kubwa, ukisimama tu huoni tofauti ya maana, ila anza kukimbia ugeuze kamera haraka, ndo unaona waya na majani vinametameta na mhusika anaacha kivuli nyuma kama mzimu unamfuata. Na ukiweka 4K na DLSS ya Quality, kadi inachora picha ndogo ya 1440p kwanza ndo inakuzwa, kwa hiyo hapo unapima programu zaidi kuliko chuma chenyewe.

Kingine rangi. Nyeusi ikiwa kijivujivu angalia setingi ya HDMI kwanza, inaweza kuwa imekaa kwenye viwango vya rangi vya 16 hadi 235 badala ya vyote, 0 hadi 255, watu wanalaumu kadi bure. Video za mtandaoni ndo kabisaaa, zishabanwa, utaona nini hapo? Mi naangaliaga barabara ya mbali, ikiwa na ukunguukungu napandisha anisotropiki (setingi ya gemu ya kunoa sura za mbali zinazoonekana kimshazari) mpaka 16x, fps (fremu kwa sekunde) hata hazishuki sana.