Jani la Sale

Januari 1994, jua likiwa kali, niliiba maji. Nilikuwa na miaka 14, niko darasa la kipaimara, na wiki hiyohiyo nilikuwa nimesifiwa kwa kukariri Amri Kumi bila kukosea.

Kwetu Old Moshi, Kilimanjaro, maji ya mfongo, mfereji wa asili wa Wachagga, yalikwenda kwa zamu. Mfereji huchepushwa mtoni kule juu kwa mawe, majani na magogo ya migomba, ukashuka kihamba kwa kihamba, yaani shamba la ukoo kwa shamba la ukoo, na asiye na zamu hagusi. Zamu ya usiku ilikuwa ya jirani yetu wa chini. Babu alikuwa amenung'unika kwamba migomba yetu inakauka, nami nikaona nimsaidie. Siku tatu mfululizo nilitoka gizani na jembe, nikaziba kwa jirani, nikafungua kwetu, na kabla ya alfajiri nikarudisha kila kitu. Nyayo tu ndizo nilizosahau kufuta.

Jirani hakuja kugomba. Aliacha kutusalimu. Kwenye jumuiya akawa anakaa karibu na mlango na kuondoka kabla ya chai. Babu, mzee wa kanisa, aliniuliza mara moja tu: "Ni wewe?" Nikainamisha kichwa. Hakunichapa, na hilo ndilo lililonitisha.

Jumapili tulitoka na mkungu wa ndizi za mshare, sadaka yetu ya kunadiwa kanisani baada ya ibada. Kengele ya kwanza ilikuwa imeshalia. Tulipofika mpakani, babu akautua chini, akakata jani la sale, akalifunga fundo. Kwetu sale ndilo mpaka wa shamba, na ndilo jani la kuombea radhi. Sijawahi kuelewa wazee walifikiri nini kuvipa vitu hivyo viwili mmea mmoja. Nikamkumbusha kwamba tunachelewa. "Sadaka itangoja," akasema. Babu alibatizwa enzi za Gutmann, yule mmisionari Mjerumani aliyeondoka Kilimanjaro mwaka 1938 na aliyeuona ujirani na ukoo wa Wachagga kuwa njia ya Injili. Kwake, sale na Mathayo sura ya 5, inayosema uiache sadaka ukapatane kwanza na ndugu yako, havikugombana.

Jirani alitoka akiwa na suti yake ya kanisani. Babu akavua kofia.

"Meku," akasema, yaani mzee kwa Kichagga, "tumekuibia maji."

Tumekuibia! Nilitaka kusema ni mimi, ulimi ukakataa.

Kimila sale halikataliwi. Yule mzee alilitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akalipokea, kisha badala ya kutukaribisha ndani akatupeleka nyuma ya nyumba kutuonyesha miche yake mipya ya kahawa. Majani yalikuwa yamesinyaa kama tumbaku. Siku hiyo kanisani hatukufika. Babu aliweka suti yake juu ya mgomba, tukachota maji kwa ndoo hadi saa nane, naye jirani, aliyesimama kutuangalia tu, mwishowe akachukua ndoo ya tatu.

Zamu zetu mbili zilizofuata tulimpa yeye. Kila jioni kwa mwezi mzima nilimwagilia ile miche, nikiinung'unikia, sitadanganya. Sita ilikufa hata hivyo, babu akamletea mingine.

Mkungu ulilala pale mpakani, mbuzi wa mtu akala nusu.

Mwezi Machi, usiku mmoja, nilisikia mtu akipiga mluzi chini ya dirisha langu. Alikuwa jirani, na taa ya chemli mkononi.

"Wewe kijana, zamu yenu imeanza. Amka ufungue maji."